Mlango wa Kiboko

Hodi, wenye nyumba!

— Karibu, mwenye maneno!

Mmekaa?

— Tumekaa!

Paa linavuja?

— Halivuji!

Mlango utanitosha?

— Pita tukuone!

Haya, nimepita. Sogeeni kidogo. Na wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, hapa si malishoni. Leo nimekuja na hadithi ya nyumba. Najua humu ndani kuna mtu alianza kujenga nyumba yake mwaka ule wa nzige, na mpaka leo dirisha lake ni gunia. Simtaji. Anajijua, na mkewe anamjua zaidi.

Basi hapo kale palikuwa na kijiji kidogo kikiitwa Mgongoni. Kiliitwa hivyo kwa sababu kilikaa juu ya mwinuko mrefu, mfano wa mgongo wa ng'ombe aliyelala. Upande huu mto, upande ule bonde. Wakati wa kiangazi bonde lilipendeza, majani mabichi, vipepeo tele. Lakini masika yakiingia, bonde lote likawa maji, maji, maji. Pakavu palikuwa Mgongoni tu.

Hapo Mgongoni alikaa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Mdogo, mrefu kama soksi, macho mekundu, hatulii. Alikaa kwenye kichuguu ambacho mchwa walikihama zamani, na humo alikuwa amejifungua watoto wanne, hata macho hawajafumbua. Jirani yake alikuwa Mama Kanga, aliyelala chini ya kichaka na kulalamika juu ya kichaka hicho tangu asubuhi hadi jioni. Kulikuwa na Digidigi, aliyelala nyuma ya jiwe na kushtuka jiwe likipata joto. Na kulikuwa na Babu Kobe. Yeye nyumba yake anaibeba mgongoni, ilikwisha siku nyingi, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kusimamia nyumba za wenzake.

Nyumba nzuri Mgongoni hawakuwa nazo. Mila za nyumba ndizo walizokuwa nazo, tena kali. Sikilizeni vizuri, maana hadithi yote inapita humo.

Mila ya kwanza: kila aliyetia mguu kwenye udongo wa kukandikia nyumba, huyo hula karamu ya nyumba. Na chakula cha karamu hakilazwi. Kikibaki, kinakuwa cha kijiji kizima.

Mila ya pili: mlango unapimwa kwa mwili wa mwenye nyumba, kwa kamba ya Babu Kobe. Ukishasimikwa, haung'olewi.

Mila ya tatu: siku ya karamu, kabla jua halijazama, mwenye nyumba aingie kwa mlango wake awashe moto wa kwanza jikoni. Akishindwa yeye, atakayewasha ndiye mwenye nyumba. Hii waliiweka kwa ajili ya wale wanaoanza nyumba wakaziachia popo. Mbona mnageuka kumtazama mwenzenu? Nimesema simtaji.

Sasa. Siku moja, kiangazi kimekolea, wakasikia ardhi inatikisika.

Ndi! Ndi! Ndi!

Digidigi akaruka. Mama Kanga akapiga kelele, "Ke-ke-ke-keee! Nani huyo?"

Ndi! Ndi! Ndi!

Akatokea Kiboko, anatoka mtoni, maji yanamchuruzika, tumbo limetangulia na yeye anafuata nyuma. Akatazama huku, akatazama kule. Akatafuta pa kukaa. Akaona kichuguu.

"Bwana, hapo pana…" Nguchiro alianza kusema.

Tifuu! Kiboko akakaa.

Nguchiro alipita chini ya mkia wake kama mshale. Akaingia kwenye kipande cha tundu kilichobaki, akatoka na mtoto mdomoni. Akarudi, akatoka na wa pili. Akarudi, akatoka na wa tatu. Aliporudi kumchukua wa nne, udongo ulikuwa unamwagika, naye akafukua kwa kucha na kulia huku anafukua, mpaka akampata, kajaa vumbi puani lakini anapumua. Akawalaza wote chini ya kichaka cha Mama Kanga. Kisha akarudi, akasimama mbele ya Kiboko. Hasira akaimeza.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," akasema Kiboko. "Nyinyi ndio wenyeji?"

"Ndio sisi."

"Basi nina habari njema. Nimewaletea maendeleo."

"Maendeleo!" akasema Mama Kanga. "Yako wapi?"

"Yamo kwenye mpango." Kiboko akanyoosha mguu, akachora duara kubwa mavumbini, akalizunguka pole pole mpaka likameza mgongo wote wa Mgongoni. "Hapa patakuwa mji. Mji wa kisasa. Hapa katikati itasimama nyumba yangu. Chumba cha kulala. Chumba cha kujigeuza. Chumba cha kupiga miayo. Chumba cha kula. Na chumba cha kungojea kula. Jua limenichosha ngozi, nataka kivuli cha kudumu. Na nataka Tembo akipita njia hii, abishe hodi kwangu."

Nguchiro akatazama duara. Akalizunguka lote, akanusa.

"Mzee, mbona sisi hatumo?"

"Nyinyi mmo," akasema Kiboko. "Mko nje ya mstari. Kule bondeni."

"Bondeni masika kuna maji."

"Kuna mandhari pia. Na hewa safi."

"Mzee, watoto wangu hawajafumbua macho. Hawajui kuogelea."

"Watajifunza," akasema Kiboko. "Maendeleo yanataka kujifunza. Mtanijengea nyumba kwanza, kisha mtahama mvua za kwanza zikidondoka. Atakayebaki, nitamkalia."

Wote walijua hatanii. Ushahidi ulikuwa chini ya makalio yake.

Jioni ile walikaa kichakani kwa Mama Kanga. Digidigi alikuwa ameshafunga virago, ingawa virago vyake vilikuwa majani mawili. Mama Kanga alilia. Babu Kobe alikohoa akasema kwamba katika umri wake wote hajaona jambo kama hili, na kwa Babu Kobe huo ni umri. Nguchiro aliwalamba watoto vumbi, mmoja mmoja. Moyo ulimuuma sana, na kila alipomfikia yule wa nne ulimuuma upya. Halafu akasimamisha masikio.

"Babu Kobe, yule ametaka Tembo abishe hodi kwake?"

"Ametaka."

"Na kwa mila zetu, nani anabishiwa hodi?"

"Mwenye nyumba tu. Mvamizi habishiwi hodi, anatolewa."

"Basi atafuata mila," akasema Nguchiro. "Lazima azifuate zote." Akaanza kucheka peke yake, kale kacheko kake ka chiri-chiri-chiri, na wenzake wakadhani uchungu umempanda kichwani.

Asubuhi akamwendea Kiboko.

"Mzee, tumekubali. Tutakujengea. Ila tukijenga bila mila, Tembo atapita atasema, huyu kavamia tu."

"Mila zenu zikoje?"

Nguchiro akazitaja zote, hakuficha hata moja. Kiboko akasikiliza kwa sikio moja.

"Mila nazikubali," akasema. "Zinaeleza vizuri nani atakula."

Kazi ikaanza. Digidigi akakata nyasi. Mama Kanga akavuta fito. Nguchiro akachimba mashimo ya nguzo, fukufuku-fukufuku, udongo unaruka nyuma yake. Wakasimika nguzo, wakafunga fito, wakaezeka. Mzee mzima alikuwa amelala majini, pua tu iko juu, anapiga kelele: "Chumba cha miayo kipanuliwe!"

Ikafika siku ya udongo. Shimo limejaa udongo mwekundu, maji yametiwa, uko tayari kukanyagwa. Nguchiro akasimama ukingoni, akanyanyua mguu juu ili kila mtu auone.

"Haya jamani! Tutie miguu, tukanyage, tukandike, halafu tukale karamu!"

"Simama!" Kiboko akatoka mtoni mbio, maji yakaruka huku na huku. "Simama hapo hapo! Mnakula karamu ya nani?"

"Yako, mzee. Si ndiyo mila? Tukitia mguu, tunakula."

Kiboko akamtazama Digidigi, ana miguu minne. Akamtazama Mama Kanga. Akamtazama Nguchiro. Akaona karamu yake inagawanyika mbele ya macho yake.

"Toeni miguu! Asitie mtu hata ukucha! Udongo ni wangu, nitaukanyaga mwenyewe."

"Peke yako, mzee?" akasema Nguchiro, sikio limelala upande kwa huruma. "Nyumba yenyewe ilivyo kubwa?"

"Peke yangu!"

Akaingia. Pwata! Nguchiro akawakonyeza wenzake, nao wakamwimbia ili asichoke:

*Kanyaga, mzee, kanyaga!*
Pwata!
*Udongo wako peke yako!*
Pwata!
*Karamu yako peke yako!*
Pwata!
*Mwingine asitie mguu!*
Pwata, pwata, pwata!

Na nyinyi itikieni, mbona mmekaa kama mmelipiwa? *Kanyaga, mzee, kanyaga!*

— Pwata!

Ee, namna hiyo.

Akakanyaga. Jua likamwakia, akakanyaga. Nguchiro na wenzake wakachota udongo kwa mikono wakakandika, maana mila ilihesabu miguu tu, mikono haikuitaja. Walikandika ukuta mnene, wakarudia juu yake, wakarudia tena. Jioni ikafika, wakati Kiboko hupanda malishoni kula nyasi zake. Akatazama malishoni. Akatazama shimo.

"Mzee, nenda kale," akasema Nguchiro. "Sisi tutakulindia udongo."

"Mnilindie?" Kiboko akacheka kwa pua. "Niende, mtie miguu?"

Hakwenda. Akalala juu ya udongo wake kama kuku juu ya mayai. Kesho yake akakanyaga, jioni hakwenda. Siku ya pili yake akakanyaga, jioni hakwenda. Kila jioni Nguchiro alimsihi aende kula, na kila alivyomsihi ndivyo alivyozidi kukataa. Haujapata kukanyagwa udongo kama ule. Ukawa laini kama uji, na ukikauka ukutani unakuwa mwamba. Na Kiboko akawa anapungua. Shavu likaning'inia. Tumbo lililokuwa likitangulia likawa linafuata.

Kuta zilipokwisha, Babu Kobe akaja na kamba yake. Alikuja pole pole, asikose kitu.

"Mwenye nyumba asimame, nimpime mlango."

Kiboko akasimama, miguu inamlegea. Kamba ikapita mgongoni, ikapita chini ya tumbo.

"Jamani!" akasema Mama Kanga, baada ya kusukumwa kidogo na Nguchiro. "Hebu mtazameni mzee! Amekuwa kijana! Kiuno hicho, utadhani swala!"

Kiboko akasikia raha. Akavuta pumzi, tumbo likaingia ndani zaidi. Kamba ikapungua.

"Labda tuongeze kidogo pembeni," akasema Nguchiro. "Mlango mpana una heshima. Hata Tembo akija, anaingia bila shida, anakaa, anakula…"

"Anakula?" Kiboko akakodoa macho. "Tembo abishe hodi, basi. Kuingia ndani sijasema. Pima hapo hapo!"

Babu Kobe akapima hapo hapo. Wakasimika miimo ya mpingo, mti ambao shoka likiugonga linalia lenyewe. Wakajaza udongo pembeni. Kiboko akajaribu. Akapita, akatoka. Akapita tena, ngozi inagusa huku na huku, akatoka.

"Umenikaa sawasawa," akasema. "Mwingine mkubwa hapiti. Karamu lini?"

"Kesho kutwa, ukuta ukishakauka," akasema Nguchiro. Kiboko akaapa kutogusa nyasi mpaka siku hiyo, aiwekee karamu nafasi.

Sasa hapo ndipo palipokuwa pagumu. Chakula cha karamu kilitoka kwa nani? Kwa wao. Maboga yote ya Mama Kanga. Mihogo ya Digidigi. Mtama ambao Nguchiro alikuwa ameuficha kwa ajili ya masika. Mama Kanga alikumbatia boga lake la mwisho akakataa kuliachia.

"Shoga, tukitoa vyote na yule akaingia nyumbani, tutakuwa hatuna pa kulala na hatuna cha kula. Watoto wako watakula nini?"

Nguchiro alitazama magharibi. Wingu dogo jeusi lilikuwa limeanza kuinua kichwa. Aliogopa. Nawaambia aliogopa, maana mtego ule ulikuwa umebeba kila alichokuwa nacho.

"Shoga yangu," akasema, "tukitoa kidogo, atashiba na atapita. Tukitoa vyote, hatapita. Toa boga."

Mama Kanga akatoa boga.

Siku ya karamu, vyungu vikapangwa mbele ya nyumba. Uji wa mtama. Mihogo ya kuchemsha. Maboga ya kuchoma, ya kupondwa, mabichi. Miwa mirefu. Matikiti yamepasuliwa, mekundu kabisa. Kiboko alikuwa na njaa ambayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe. Mate yakamtoka mpaka yakafanya kijito.

Bwabwa-bwabwa! Chungu cha kwanza. Bwabwa-bwabwa! Cha pili. Karu-karu-karu! Miwa.

Tumbo likaanza kurudi. Katikati ya mihogo, Kiboko akasimama, akapumua. Akatazama mlango. Akatazama tumbo. Nguchiro moyo ukamlipuka. Ameona, alifikiri. Sasa ameona.

"Nadhani… nadhani nimetosheka kidogo," akasema Kiboko.

Hata Mama Kanga alinyamaza, na hilo si jambo dogo. Nguchiro akatabasamu.

"Vizuri sana, mzee. Hakuna haja ya kujiumiza. Wenzangu, leteni vibuyu! Kilichobaki ni chetu, ndivyo mila inavyosema. Digidigi, wewe chukua matikiti. Mama Kanga, maboga haya hapa. Babu, huu uji…"

"Achaaa!" Kiboko akaruka, akavifunika vyungu kwa kidevu. "Nani amesema nimemaliza? Nilikuwa napumzika!"

Bwabwa-bwabwa! Bwabwa-bwabwa! Akala matikiti, akala maganda ya matikiti. Akala boga la mwisho la Mama Kanga na ukindu uliolifunga. Akalamba vyungu. Akalamba palipokuwa pamewekwa vyungu. Hakubakisha hata harufu. Kisha akasimama, kwa shida, tumbo limetangulia tena kama zamani na zaidi ya zamani. Jua lilikuwa limekaa juu ya kilima, jekundu.

"Kijinga cha moto," akasema.

Nguchiro akampa kijinga cha moto, kwa heshima, kwa mikono miwili. Kiboko akakiuma mdomoni, akaenda mlangoni.

Kichwa kikapita. Shingo ikapita. Miguu ya mbele ikapita. Halafu… gubi!

Akasukuma. Gubi! Akapumua kwa nguvu, kijinga kikamponyoka kikaanguka nje ya meno, kikazimika kwenye mate. Akarudi nyuma. Harudi! Akaenda mbele. Haendi! Nusu mzee yumo nyumbani, nusu mzee yuko uani.

"Vunjeni ukuta!" ikaunguruma ile nusu ya ndani.

"Hauvunjiki, mzee," akasema Nguchiro. "Umekanyagwa vizuri mno."

"Ng'oeni mlango!"

"Haung'olewi," akasema Babu Kobe. "Mila ya pili."

Kiboko akapiga ukuta kwa ubavu. Gumu! Ukuta haukutikisika. Akapiga tena. Gumu! Ubavu ndio uliolia. Kila wayo wake ulikuwa ndani ya ukuta ule, na sasa ulikuwa unampinga mwenyewe.

"Babu," akaita Nguchiro, "jua limebaki kiasi gani?"

"Ukucha," akasema Babu Kobe.

Nguchiro akachukua kijinga kingine. Akamtazama Mama Kanga, aliyekuwa amewakumbatia wale watoto wanne chini ya mbawa. Kisha akajikunja, akapita chini ya tumbo la Kiboko, katikati ya miguu, chiri-chiri-chiri, akatokea ndani. Hapo jikoni kuni zilikuwa zimepangwa tayari, nyasi kavu juu yake. Akageuka, akamtazama Kiboko uso kwa uso. Yule mdogo kama soksi. Yule mkubwa kama chumba.

"Mzee," akasema, "hapa ulipoweka kichwa ndipo pangekuwa chumba chako cha kungojea kula. Endelea kungoja."

Akainama, akapuliza. Fuuu. Fuuu. Fwaa! Moto ukawaka.

Nyasi zikatoa moshi, na moshi ukatafuta pa kutokea. Mlango umezibwa. Ukakuta mahali pawili tu, matundu ya pua ya Kiboko. Ukaingia.

"Ha…" akasema Kiboko.

"Kaeni pembeni!" akapiga kelele Nguchiro.

"Haa…"

"Mbali na mlango!"

"HAAA-CHYAAAA!"

Po! Akachomoka kinyumenyume kama kizibo. Akaanguka matako, akabiringika. Gubu-gubu-gubu, akapita kwenye duara lake. Gubu-gubu-gubu, akapita kwenye mpango wake. Gubu-gubu-gubu, akateremka mwinuko wote hadi mtoni. CHUBWIII! Maji yakapanda juu yakarudi chini, samaki wawili wakaangukia bondeni wakiuliza kuna nini.

Jua likazama. Babu Kobe akakunja kamba yake, akasema kwa sauti ambayo wenzake hawakujua kuwa anayo: "Moto umewashwa. Nyumba ina mwenyewe!"

Mama Kanga akapiga vigelegele mpaka bonde likaitika. Digidigi akacheza ngoma, akajishtua mwenyewe kwa miguu yake, akaendelea kucheza. Na hapo wakasikia juu ya nyasi za paa: to. To. To-to. To-to-to-to. Mvua. Masika yameingia.

Nguchiro alisimama mlangoni, kijinga kingali mkononi.

"Nyumba ni yako, mwanangu," akasema Babu Kobe. "Yote."

"Babu, mimi ni mdogo," akasema Nguchiro. "Nitalala vyumba vyote kwa zamu? Pitieni ndani, mnalowa!"

Wakapita. Mama Kanga akapewa chumba cha kulala, naye akaanza papo hapo kulalamika kwamba ni kikubwa. Digidigi akapewa chumba cha kujigeuza, maana yeye hageuki kidogo. Babu Kobe akachukua chumba cha kungojea. Cha kula kikawa cha wote. Na cha kupiga miayo kikawa cha wale watoto wanne, nao wakakitumia sawasawa. Bonde lilijaa maji usiku ule, na juu Mgongoni walilala wakavu, wakisikiliza. Masika yale walikula kumbikumbi na majani mabichi yaliyoletwa na mvua.

Mvua zilipopungua, Kiboko akapanda tena. Ndi! Ndi! Ndi! Hakukalia kitu, hakuchora kitu. Akatazama ukuta, akaujua. Akatazama mlango, akaujua. Akatazama tumbo lake. Basi akafanya ambalo hajapata kulifanya.

"Hodi," akasema.

"Karibuuu!" wakaitika wote kutoka ndani. "Karibu, mzee, pita ndani!"

Mpaka leo anakaribishwa, na mpaka leo mlango haumpitishi. Na kila kiangazi, akianza kukonda, Nguchiro anamteremkia mtoni na kikapu cha maboga. "Mzee, tumekukumbuka." Hajawahi kukataa hata siku moja.

Sasa hadithi hii inatufunza nini? Wewe unayenyoosha mkono unataka kusema ulafi ni mbaya. Shusha mkono. Ulafi ni mzuri sana! Bila ulafi ule nani angekanyaga udongo wa Mgongoni? Digidigi? Wangekuwa wamelala kichakani mpaka leo. Kwa hiyo, wanangu, mkubwa akija kwenu na mpango wake, msimfukuze. Msalimieni vizuri. Mwimbieni. Mpeni udongo akanyage. Ila mumpime mlango akiwa na njaa.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Wembamba wafanye nini?

— Wapite!

Na wanene?

— Wangoje!

Na wewe wa dirisha la gunia, nimesema sikutaji. Lakini kesho, kabla jua halijazama, kajitahidi uwe umewasha moto humo ndani. Mimi nitapita kwako, na kijinga ninacho.